Mwanne Akataa Kukaa Eda

Habari ya kifo cha Shaaban fundi cherehani ililetwa Shinyanga mjini na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumshika na uongo. Jina lake Leodgar, Msumbwa wa Ushirombo, muuza asali, Mkatoliki wa kuamka na kengele. Ukimwuliza Leodgar kama mvua itanyesha, hutazama juu, hutazama chini, halafu husema hajui. Sasa mtu wa namna hiyo akisimama mlangoni kwako, kofia mkononi, akasema, "Mama Mwasiti, nimekuja na neno zito," huna pa kukimbilia.

Mwanne, ndiye huyo Mama Mwasiti, alikuwa anapeta mchele. Hakuuweka ungo chini.

"Liseme," alimwambia.

Leodgar akalisema. Alikuwa amepeleka asali kambini Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako Shaaban alikwenda baada ya mavuno kuwashonea wachimbaji kaptura. Asubuhi ya kuondoka kwake aliona kitanda kimebebwa katikati ya kambi, juu yake mtu amefunikwa shuka gubigubi. Nyuma ya kitanda lilikuja kundi la watu waliojipaka majivu, wanalia, "Shaaban, Shaaban fundi, umetuachia nani?" Leodgar akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba, akasali kando ya njia mpaka kitanda kikapita. Hakufuata mpaka kaburini kwa sababu wenzake wa safari walikuwa wameshatangulia.

"Lakini kuona nimeona, Mama. Kwa macho yangu haya."

Tangu dakika ile nyumba haikuwa ya Mwanne tena. Wifi yake Mwaisha, dada wa Shaaban tumbo moja, alipiga yowe lililofika hadi stesheni ya gari la moshi. Majirani wakajaa. Mtu akageuza kioo kikatazama ukuta, mwingine akatandika jamvi, mwingine akachukua chupa ya marashi na kichupa cha wanja akavitia mfukoni kwa nia njema. Mwalimu wa chuoni alipofika, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mjane mwenyewe, ambaye alikuwa bado anapeta.

"Mama Mwasiti," alisema mwalimu kwa upole, "eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Unakaa ndani, hujipambi, hutoki. Mungu atakupa subira."

"Nani kashuhudia, mwalimu?"

"Si Leodgar huyu?"

"Aliona uso?"

Leodgar, ambaye asingeweza kudanganya hata kumfariji mtu, alikiri kwamba uso hakuuona. Shuka lilifunika kote.

"Basi kaona shuka," alisema Mwanne. "Shahidi mmoja, wala si wa dini yetu, kaona shuka. Mimi sikai eda ya shuka."

Mwalimu akajikuna ndevu. Alikuwa mtu wa haki, na neno lile lilimkaa vibaya. Lakini Mwaisha alisimama katikati ya ukumbi na mtandio umeteleza mabegani. "Unamkatalia kaka yangu hata kuliliwa!" alisema, na sauti ikamkatika. Alikuwa anaumia kwelikweli, na Mwanne alilijua hilo. Mtu anayekuonea unaweza kumjibu, ila anayelia kwa haki utamwambia nini?

Kulipopambazuka Mwanne alikuwa ameshavuka makaburi ya mwisho ya mji, kifurushi kichwani, kibuyu cha maji begani, fimbo mkononi. Hakumwomba mtu amsindikize. Mwanamume gani wa Shinyanga angekubali kuonekana na mjane anayekimbia eda yake? Na lori zilikuwa zimelala, maana masika yalikuwa yameingia na mbuga nyeusi zilimeza magurudumu kama uji. Akakunja nguo yake juu ya magoti, akaenda.

Tusimpambe. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye hasira za karibu, mzaliwa wa Tabora kwa Wamanyema, na hajawahi kusafiri peke yake hata kwenda sokoni Mhunze. Aliogopa ng'ombe. Aliogopa mito. Kuliko vyote aliogopa kufika. Akifika na kukuta kaburi, atakuwa amevunja eda mbele ya mji mzima, na lango lolote atakalopita watu watamnyoshea kidole mpaka azikwe. Asipokwenda, ataozea ndani akimlilia mtu ambaye pengine wakati ule ule anatia uzi kwenye sindano. Alipima yote mawili, akaona la pili haliwezi.

Sasa, nchi ya Usukuma haimpitishi mtu kimya. Unatoka wapi, unakwenda wapi, wewe ni wa nani. Mwanamke aliye peke yake huulizwa mara mbili. Wa kwanza kumwuliza walikuwa watu waliokuwa wakipalilia pamba karibu na Ibadakuli, na Mwanne akajikuta amejibu, "Naenda kwa mume wangu." Neno lilimtoka likiwa na mikwaruzo. Aliposalimiana na wa pili lilitoka vizuri zaidi. Hadi jua linageuka lilikuwa linateleza, na hapo ndipo lilipoanza kumtisha, maana uongo ndivyo unavyokuwa, ukishauzoea hauna mikwaruzo tena.

Alifika Mwakitolyo siku ya pili yake jioni, miguu imevimba. Akabisha hodi katika mji mmoja wa familia uliozungushiwa ua wa minyaa, kwa bibi mmoja aliyeitwa Limi.

"Mwadila, mayu," Mwanne alimsalimu mama yule kwa Kisukuma chake cha sokoni.

"Mwadila. Karibu." Limi alimtazama toka kichwani hadi kwenye tope. "Peke yako? Mume unaye?"

"Ninaye."

"Nauliza siyo kwa ubaya. Hapa nyumba yenyewe ni moja, na mbegu zangu ziko darini. Mjane mbichi mimi simlazi chini ya mbegu. Nilimlaza mmoja, mtama wote ukaota upepo mtupu." Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. "Kwa hiyo mume yuko mzima?"

Mwanne akatazama mawingu. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya minyaa.

"Mzima," alisema. "Anashona nguo Geita."

Limi akampa uji wa mtama na maziwa ya mgando, akamkanda miguu kwa maji ya moto, akamtandikia ngozi ya ng'ombe chini kabisa ya dari ile. Mwanne alilala amejikunja kama mtoto aliyevunja chungu. Darini juu yake kulikuwa na chakula cha mwaka mzima cha mwanamke aliyemwosha miguu. Kama Shaaban amekufa, basi yeye ameingiza kifo ndani ya nyumba ile kwa mdomo wake mwenyewe. Asubuhi alitaka kukiri. Alifungua kinywa mara moja, akakifunga, akashukuru, akaondoka haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Jambo lililokuwa lake na Shaaban tu sasa lilikuwa na mtama wa watu ndani yake.

Baada ya Mwakitolyo miji ilianza kupungua, kisha ikaisha. Ule ulikuwa msitu wa mbung'o. Serikali ilikuwa imewahamisha watu kwa sababu ya malale, ugonjwa wa usingizi, ikawakusanya mahali pamoja mbali na wadudu. Minyaa ya miji yao ilibaki imesimama duara duara, ndani hakuna nyumba, hakuna moshi, hakuna jogoo. Mwanne alipita katikati ya viwanja vile vitupu na mgongo ukamsisimka. Ili asikimbie, akaanza kumgombeza Shaaban kwa sauti.

"Kama umekufa, umekufa vibaya. Hukuaga. Paa linavuja pale pale nilipokuonyesha. Na kama hujafa, ole wako, Baba Mwasiti, ole wako, kwa nini hukutuma hata salamu?" Alimgombeza alipovuka kijito maji kiunoni. Alimgombeza alipokaa juu ya jiwe kutoa mwiba. Msituni hakukuwa na mwingine wa kusikia, na kwa kweli ilimsaidia. Mtu unayemgombeza hajafa bado.

Mahali njia inapoingia Uzinza palikuwa na kibanda cha udongo kisicho na dirisha ila tundu moja. Kila mpita njia alitakiwa kuingia ndani ya giza lile, apanguswe mbele na nyuma kwa usinga. Mbung'o waliomgandama huruka kwenda kwenye mwanga wa tundu, na hapo wavu unawangoja. Mlinzi wa kibanda alikuwa Msukuma mrefu, mcheshi wa sura, kofia ya serikali imekaa upande. Jina lake Nkwabi.

"Ingia, mama, usiogope, hapa hatuli watu," alisema, akampangusa. Mbung'o watatu wakaruka. "Hawa ni wako mwenyewe au umetumwa? Haya. Unatoka wapi?"

"Shinyanga mjini."

"Unakwenda wapi?"

"Geita kambini."

"Mke wa nani?"

Ilikuwa mara ya ishirini au ya mia, Mwanne hakuhesabu. Lile jibu la kuteleza halikutoka. Alisimama gizani mikono imeinuliwa, mbung'o wanavuma kwenye tundu.

"Sijui," alisema. "Sijui kama ni mke au ni mjane. Ni wa Shaaban fundi cherehani. Nimeambiwa amekufa."

Usinga ukasimama hewani.

"Shaaban?" alisema Nkwabi. "Shaaban Mzaramo, mwenye cherehani ya mguu? Huyo si tulimwua sisi wenyewe! Mimi huyu, siku yangu ya mapumziko, nilishika kitanda upande wa miguu!" Akapasuka kicheko hadi akashika ukuta.

Mwanne alitoka nje ya kibanda akakaa chini kwenye nyasi, si kwa kupenda. Nkwabi akamfuata, anajifuta machozi ya kicheko, akaeleza. Shaaban alishikwa na homa kali. Cherehani ikanyamaza siku nyingi, na Wasukuma wa kambini, watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, wakaanza kuandaa machozi. Halafu kumbe mtu akapona! Watani wakasema haiwezekani, machozi yameshaandaliwa, yatakwenda wapi? Wakamkuta amekaa kitandani anakunywa uji, wakamlaza, wakamfunika shuka, wakajipaka majivu, wakamtembeza kambi nzima kama maiti mpaka akajikomboa kwa beberu. "Akatukana humo ndani ya shuka!" alisema Nkwabi. "Matusi ya Kizaramo! Tukalia zaidi ili asisikike."

Moyo wa Mwanne uliruka. Uliruka juu, halafu ukakwama hapo hapo, kwa sababu alikumbuka msiba wa baba mkwe wake. Marehemu Mzee yule alikuwa Mzaramo aliyekuja bara na misafara, na siku ya kuzikwa kwake watani wa Kisukuma walijaa uani. Mmoja alilala ndani ya kaburi, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mwingine alimwendea mjane, akamwambia kwa uso mkavu, "Unalilia nini, mayu? Mzee kaenda kununua chumvi, anarudi." Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumchekesha mfiwa. Anasema maiti amelala. Anasema maiti anatoroka deni la pombe.

Basi huyu anayesema Shaaban mzima ni mtani, naye kwa desturi yake angesema hivyo hivyo kama Shaaban angekuwa ameoza. Na yule aliyesema Shaaban amekufa ni Leodgar, ambaye hajasema uongo tangu abatizwe. Amwamini nani?

"Apa," alimwambia Nkwabi.

"Naapa kwa beberu niliyemla!"

"Apa vizuri!"

Nkwabi akamtazama. Akaona miguu ile, akaona midomo ilivyopasuka, kicheko kikamwisha taratibu. Akavua kofia ya serikali, akachutama mbele yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "pole sana."

Hapo ndipo damu ilipomwenda baridi Mwanne. Mtani akitania, pengine kuna uhai. Mtani akivua kofia na kusema pole, kuna kaburi. Akasimama, akanyakua kifurushi chake. Nkwabi naye akasimama, anatapatapa. Kadiri alivyoapa kwa unyenyekevu ndivyo alivyozidi kuharibu, na alipojaribu kucheka tena ili amtulize, kile kicheko kilitoka kimepinda, kikawa kibaya kuliko pole. Maskini Nkwabi, aliua watu kwa mzaha kila mwezi na hajawahi kushindwa kumfufua hata mmoja. Kituo asingeweza kukiacha. Alichoweza ni kumjazia kibuyu maji na kumwonyesha njia. Mwanne alipogeuka nyuma, alikuwa bado amesimama barabarani, kofia kifuani.

Alilala katika makazi ya watu waliohamishwa, alfajiri akaenda, na kabla ya adhuhuri akasikia Geita. Kusikia kulitangulia kuona, maana mtambo wa kusaga mawe ulikuwa unatwanga mlimani, mzito, bila kupumzika, na ardhi ilitetemeka mpaka kwenye nyayo. Alikuwa amejiwekea matumaini ya kipumbavu kwamba atasikia cherehani kwa mbali. Anaijua sauti yake, amelala nayo miaka mingi. Lakini kwa mtwango ule hata radi isingesikika.

Kambi ilikuwa safu za vibanda vya nyasi, wanaume wenye vumbi jeupe hadi kwenye kope, moshi, mbwa. Aliuliza anakaa wapi fundi cherehani. Aliuliza hivyo tu, fundi cherehani, bila jina, maana jina lingempa jibu kabla hajawa tayari. Akaonyeshwa baraza ya duka lililoezekwa kwa madebe.

Cherehani ilikuwepo. Aliijua kwa mkwaruzo wa mbavuni uliotokana na kuangushwa na Mwasiti alipokuwa mdogo. Na nyuma ya cherehani alikaa mtu, mgongo kwake, anaikanyaga. Mtu mwembamba. Kichwa kimenyolewa, shingo kama ya kuku, fulana inamning'inia mabegani. Shaaban alikuwa na mabega ya mchukuzi. Shaaban alikuwa na nywele.

Kumbe wameshampa mtu mwingine cherehani, alifikiri Mwanne. Na likamjia wazo la ajabu, tulivu kabisa, kwamba sasa inabidi amwulize mtu huyu liko wapi kaburi, na kwamba ataanza kwa salamu.

"Salaam alaykum," alisema.

Mguu ukaacha kukanyaga. Mtu akageuka. Uso ulikuwa umeliwa na homa, mashavu yameingia ndani, lakini macho yale, na lile jino lililopandana na mwenzake, vilikuwa vya Shaaban bin Pazi na si vya mtu mwingine chini ya mbingu.

Alimtazama mkewe. Alitazama njia nyuma yake kuona aliyekuja naye, hakuona mtu. Alitazama miguu. Mke hatembei peke yake toka Shinyanga hadi Geita katika masika haya kuleta habari njema, hilo Shaaban alilijua.

"Mama Mwasiti," alisema. "Nani amekufa?"

"Wewe," alisema Mwanne.

Barazani walikuwepo wachimbaji watatu wanaongoja kaptura zao, Wasukuma wote. Mmoja alianza kucheka, akadhani ni utani mpya, tena mzuri. Kicheko chake kikakosa wa kukipokea. Shaaban alikuwa ameinuka, ameshika cherehani asianguke, na mambo yalikuwa yanamwingia moja baada ya jingine, kitanda, shuka, muuza asali aliyepiga magoti kando ya njia, ambaye yeye mwenyewe alimchungulia kupitia tundu la shuka akaona kichekesho.

"Yule Msumbwa," alinong'ona.

"Yule Msumbwa."

"Nyumbani wanajua hivyo? Mwaisha?"

"Mwaisha amelia hadi sauti imemkauka. Jamvi limetandikwa. Sasa hivi utakuwa umeshasomewa hitima."

"Na wewe?" aliuliza Shaaban. Wanaume ni wanaume, hata wakitoka kaburini hutaka kujua waliliwa kiasi gani. "Wewe ulinilia, Mama Mwasiti?"

Mwanne alitaka kumjibu vibaya. Alikuwa amejiandalia matusi ya kutosha, msitu mzima aliyafanyia mazoezi. Alisogea badala yake, akaweka kiganja kwenye shavu lile lililoingia ndani. Lilikuwa na joto la mtu. Lilikuwa na ndevu za siku mbili zinazochoma. Faraja ilimpanda toka kwenye nyayo, ikawa nyingi mno, akakosa pa kuiweka.

"Sikulia," alisema. "Ningelia ungekuwa umekufa."

Na ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia wafiwa, ameshika fulana ya mumewe kwa mikono miwili, na Shaaban akalia juu ya kichwa chake. Wale watani watatu walivua kofia zao, wakawaacha walie.